Kavira, Waliwasha Moto

Munigi, Jumapili baada ya misa

Kavira, rafiki yangu,

Waliwasha moto.

Naanza na hilo kwa sababu nakujua. Kama huko uliko bado una ile tabia yako ya kumkatiza mtu maneno, ungeniuliza hilo kabla hata sijakusalimu. Ndiyo, waliwasha moto katikati ya ua wako, wakaweka kuni mbichi za mikaratusi, na moshi ukajaa chini ya maturubai mpaka ukakosa pa kwenda. Nilijaribu kuwazuia. Nitakueleza yote jinsi yalivyokuwa, lakini ujue kwanza kwamba nilijaribu, usije ukanikasirikia bure.

Ulisema mwenyewe. Tulikuwa nyuma ya kituo cha afya siku ya Alhamisi, sisi wagonjwa wa kifua wote tumejipanga kwenye viti vya plastiki, na wewe umesimama mbele yetu na chupa yako ya maji mkononi. Sikumbuki nani alianza habari za vifo. Ukasema, "Siku nitakufa, pa kilio yangu musiwashe moto. Munasikia? Batu yangu ya kifua njo bale banapaswa kukaa karibu yangu. Sasa bakae inje juu ya moshi? Hapana!" Tukacheka. Papa Sebu akasema wewe hufi leo wala kesho, utatuzika sisi wote na kaburini bado utakuwa unatusahihisha namna ya kulala. Halafu ukanigeukia mimi. "Mama Rutshuru, wewe njo utasimamia ile." Nikakubali haraka, kama mtu anavyokubali jambo analodhani liko mbali.

Sasa nakaa hapa mlangoni Munigi, mbabula, jiko langu la makaa, iko nje kama ulivyoniamuru, na sina wa kumwambia kwamba maharagwe yameiva. Watu walionizunguka ni wema. Jirani yangu ananiletea maji bila kuombwa. Lakini hakuna hata mmoja anayeniuliza kifua kimeamkaje, na mimi siwezi kumweleza mtu asiyejua. Nikisema "nimeamka vibaya" wanafikiri nataka chai.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa nimeshuka kutoka Rutshuru na kikohozi changu, nakaa kwa shemeji yangu, na pale nyumbani walikuwa wamenitengea kikombe. Walikiweka tu peke yake juu ya dirisha, na watoto wakakatazwa kukigusa. Walikuwa na hakika kwamba nina kifua kikuu, ingawa nilipimwa na sikuonekana nacho. Nikazoea kubeba kikombe changu kila ninapokwenda, hata kituoni. Siku ile kwenye benchi watu walikuwa wameniachia nafasi ya kutosha kulaza ng'ombe, ukaja wewe na mwili wako huo, ukakaa mpaka bega lako likanisukuma. Ukauliza, "Bamekupima?" Nikasema wamenipima. "Bamepata kitu?" Hawakupata. "Basi, leta." Ukachukua kikombe changu ukanywa chai yangu, ukarudisha nusu.

Nililia. Wewe ukadhani nalilia chai, ukaanza kuomba msamaha na kusema utaninunulia nyingine. Sikukueleza siku ile kwamba tangu nitoke Rutshuru hakuna mtu aliyekuwa ameweka mdomo kwenye kikombe changu. Nadhani ulikuja kujua mwenyewe baadaye, kwa sababu kila tulipokutana ulikinywea, hata kama una kiu ya maji na mimi nina uji.

Muuguzi Solange alitufundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Alikuwa na picha zake za mapafu, alikuwa na uvumilivu, na hakuchoka kurudia. Lakini wewe ulikuwa unachukua somo lake na kulipeleka jikoni. Yeye alisema tuvute hewa kwa pua, halafu tubane midomo na kuitoa polepole. Wewe ukasimama na kusema, "Puliza kama chai ni ya moto na haiko yako." Wote tukaelewa, maana chai ya mtu mwingine huwezi kuimwaga. Miaka yote nimekaa mbele ya mafiga ndani ya nyumba isiyo na dirisha, nikipikia watoto na wajukuu, na hakuna aliyeniambia kwamba kupumua kunafundishika. Wewe uliyekaanga mandazi juu ya kuni tangu ujana wako uliniambia kwamba wewe pia hukujua.

Na ile siku ya mifuko! Nikiikumbuka nacheka peke yangu, na jirani ananitazama. Solange alikuwa anashangaa kwa nini tunapewa pampu ya kahawia ya kuvuta dawa, ile ya kila siku, na bado tunakuja tumeishiwa pumzi. Wewe ukasema kila mtu Alhamisi inayofuata aje na mfuko wake wa kukimbia vita. Nani katika mji huu wa Goma hana mfuko wa kukimbia? Uko nyuma ya mlango: kadi ya uchaguzi, chumvi, shuka, nguo moja ya heshima. Tukaja nayo. Ukasema, "Fungua." Tukafungua. Na ndani ya kila mfuko, Kavira, kila mfuko, ukiwemo wangu, mlikuwa na pampu ya kahawia ndani ya sanduku lake, haijaguswa, imefungwa kwenye kitambaa kama yai. Tulikuwa tunaitunza. Tulijiambia kwamba siku ya kukimbia ndiyo tutahitaji pumzi kuliko siku zote, basi isiishe bure kwenye siku za kawaida. Ulituangalia mmoja mmoja, ukashika kiuno. "Sasa ni mufuko njo inakohoa?" Hata Solange alishindwa kujizuia. Mama Neema, mwenzetu wa Alhamisi, alicheka mpaka ikabidi umkalishe apulize chai.

Tangu siku hiyo, kila tulipoanza somo ulipita ukiuliza mfuko umepona au bado. Na ukatuwekea kipimo chako mwenyewe, cha Salamu Maria. Kila asubuhi mtu aisali kwa pumzi moja na aone anafika wapi. Kila mtu ajue pake pa kawaida. Siku akiishia kabla ya pale, na makohozi yamebadilika rangi, asingoje Alhamisi, aende kituoni siku hiyo hiyo. Papa Sebu akalalamika kwamba yeye ni Mprotestanti. Ukamwambia achukue Baba Yetu, lakini asije akadanganya kwa kusali haraka.

Kisha ukaleta mambo ya bip, simu ilie na kukatwa kabla haijapokelewa. Mimi na wewe tu. Ukiamka na kifua kizuri unanibip mara moja, mimi nakurudishia. Kifua kikiwa kibaya, mara mbili. Kwa hiyo kila asubuhi kabla sijatoka kitandani nilikuwa najua kwamba tuko wawili duniani tunaovuta hewa kwa kazi, na mwenzangu ameamka. Watu walioolewa hawapewi hata hicho.

Nikuambie kitu ambacho nakikumbuka kuliko vyote. Siku ile watu wa kambi ya Kanyaruchinya walipomwagika barabarani na magodoro kichwani, ulikuwa umepanda kunisalimu. Tukatoka pamoja. Kila mtu alitupita: wenye watoto mgongoni, wazee wenye fimbo, hata mbuzi. Kifua changu kikafunga. Nikawa nasikia risasi kule nyuma na naona midomo ya watu, lakini hewa hakuna. Wewe ukanivuta pembeni ukanikalisha juu ya jiwe, viwiko juu ya magoti, na ukachuchumaa mbele yangu kama tuko darasani. Ukasema, "Polepole, Mama Rutshuru. Unakimbia nani?"

Kama ningekuwa na pumzi ningekutukana. Barabara nzima ilikuwa inajua tunakimbia nani! Lakini kicheko kikanipanda, na nyuma ya kicheko ikaja hewa kidogo, halafu nyingine. Ukatoa chupa yako ya maji yenye tundu kitakoni, ukachomeka pampu ya bluu, ile ya dharura, nikavuta. Tukaendelea kutembea, tunapuliza, tunasimama, tunatembea. Tulifika mjini nyuma ya watu wote, tena wima.

Kwa hiyo wewe uelewe hasira yangu. Vumbi la kiangazi lilipoanza, ulifanya kila kitu sawasawa. Uliona makohozi yamebadilika ukaenda kituoni siku hiyo hiyo, na Solange akakupeleka hospitali bila kuchelewa. Ulibeba chupa yako na karatasi zako. Asubuhi iliyofuata simu yangu ililia mara mbili. Nilipofika walikuwa wamekuwekea oksijeni, ukajaribu kunionyesha kwa kidole umefika wapi kwenye Salamu Maria, na hukuwa umevuka neno la kwanza. Niliushika mkono wako. Nikapuliza mbele yako ili unifuate, na ulinifuata kwa muda. Kesho yake mchana ukaacha kunifuata.

Nilikuwa na hasira na wewe, na Mungu, na mapafu yako. Bado ninayo. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kuisikia.

Sasa kilio. Mwanzoni hakukuwa na moto. Wapwa zako walikuwa wanayajua maneno yako, na nilipowakumbusha hawakubisha, wakapanga viti na kuacha katikati wazi. Tulikaa karibu na jeneza lako, sisi watu wa Alhamisi, kama ulivyotaka. Halafu akafika kaka yako mkubwa kutoka Butembo. Barabara ilikuwa imefungwa, alikuwa amezunguka kwa Uganda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasimama getini na akaangalia ule uwazi katikati ya ua. "Moto iko wapi?" Mpwa wako akaeleza. Kaka yako, Muzee Paluku, akasema, "Papa tulimuwashia. Mama tulimuwashia. Dada yangu ni kuku, akufe na kiwanja ibakie baridi?"

Nikasimama. Nikamwambia kwa heshima kwamba ni wewe mwenyewe uliyeagiza hivyo, kwa ajili yetu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Akaniuliza, "Wewe ni nani?" Nikasema ni rafiki yako. "Wa wapi?" Nikasema wa Rutshuru. Akanitazama kama mtu asiye wa ukoo. Hakunitukana, Kavira, sitamsingizia. Aligeuka tu na kuwaagiza vijana kuni.

Moshi wa kwanza ulipopanda Mama Neema alianza kukohoa, akafuata Papa Sebu. Tukainuka mmoja mmoja. Tulivuka barabara tukakaa juu ya mawe, yale meusi ya volkano ambayo hakuna aliyeyaondoa, na kutoka pale nilikuwa naona pembe ya jeneza lako kati ya miguu ya watu. Ndani walianza rozari. Sisi tukajaribu kuitikia kutoka ng'ambo, lakini upepo ukageuka na ukatuletea moshi wote usoni. Basi tukafanya tunachojua. Tuliinama, viwiko kwenye magoti, tukabana midomo na kupuliza. Watu wazima wamepangwa kando ya barabara, midomo imechongoka, fyuuu, fyuuu.

Nadhani umeshaona tulikoelekea. Binti mmoja wa ukoo akatoka na kutukodolea macho, akarudi ndani mbio. Kisha kaka yako akatoka mwenyewe, na fimbo yake. "Ni nani banapiga muluzi pa kilio ya dada yangu?"

Papa Sebu ndiye aliyekuwa karibu, akafungua mdomo kueleza, na hakumaliza sentensi. Nikasema mimi. "Hatupigi muluzi, Muzee. Tunapumua. Ni dada yako njo alitufundisha." Akatuangalia kwenye mstari wetu. Akageuka, akaingia ndani. Nikajua sasa anakwenda kuleta vijana watufukuze, lakini alirudi amebeba viti vya plastiki, yeye mwenyewe, mzee wa ukoo, na barabara nzima inamtazama. Aliviweka, akarudi kuchukua vingine. Safari ile nyingine alipoviweka chini hakunyanyuka mara moja. Alishika mgongo wa kiti, mabega yamepanda juu mpaka masikioni, na shingo yake ikawa inavuta.

Mabega yale nayajua. Ni yako na yangu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Kaa, Muzee. Puliza kidogo." Akaona watu wanamwangalia, akajinyoosha, akasema amechoka safari. Akaingia ndani, akakaa karibu na moto wake.

Kwa hiyo sikukaa karibu na wewe. Hilo ndilo linaloniuma. Mazishini tulitembea mwisho wa msafara, tunasimama na kupuliza, na tulipofika makaburini walikuwa wameshaanza kutupa udongo. Wewe ulinikalisha kila mahali, ukaniegemeza bega, na siku yako ya mwisho mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kituoni. Solange alikuwa amepanga viti kama kawaida. Tulikuja mimi na Papa Sebu, halafu mama mmoja mgeni ambaye hakujua kwamba umekufa, akauliza mwalimu yuko wapi. Wengine hawakuja, wala Alhamisi iliyofuata. Nikaenda kwa Mama Neema kumuuliza. Akaniambia bila kuficha, "Kavira alijua vyote. Alivuta kila siku, alipuliza, alikwenda hospitali mapema. Na alikufa. Sasa sisi tunajifundisha nini?" Na pampu yake ya kahawia alikuwa ameirudisha kwenye mfuko, nyuma ya mlango. Niliiona. Nikarudi nyumbani.

Hizo ndizo zilikuwa siku mbaya kuliko zote. Nilikuwa naamka mapema, naweka simu juu ya kifua na kungoja. Najua wewe ni marehemu, sijachanganyikiwa. Ni mkono tu uliozoea. Simu ikikaa kimya nilisali Salamu Maria yangu kwa pumzi moja na kujipima, na hata nilipofika mbali hakukuwa na wa kumwambia kwamba nimefika mbali. Nilianza kukiweka kikombe changu juu ya dirisha mwenyewe. Nilipoona nimefanya hivyo nilikitoa.

Kaka yako alibaki Goma mpaka siku ya kuondoa matanga, kwa sababu ya barabara. Siku ilipokaribia akamtuma mpwa wako aje Munigi kuniita. "Mama, muzee anasema ukuje na batu yako yote ya kifua. Bote." Nikapita nyumba kwa nyumba. Mama Neema alikataa, halafu akaja akiwa na mfuko wake, kwa sababu siku hizi hawezi kutoka bila mfuko.

Tulipoingia getini nikanusa kwanza. Hakukuwa na moshi. Katikati ya ua, pale pale palipokuwa na moto, kaka yako alikuwa ameweka mawe matatu meusi kama mafiga, na ndani yake hamna kuni, hamna hata jivu. Alikuwa amefagia. Viti vimezungushwa. Watu waliofika walikaa kuyazunguka, na nakuambia ukweli, kulikuwa na baridi ya mvua na wazee walikuwa wananyoosha mikono kuelekea yale mawe kwa mazoea, halafu wanairudisha kwa aibu. Ungecheka. Shangazi yako alinuna akasema haya ni mambo ya wapi. Kaka yako akamjibu, "Moto tuliwasha. Leo ni siku ya batu yake."

Alituketisha mbele, karibu na picha yako, ile ya kitambaa cha njano ambayo ulisema imekunenepesha. Mkono wangu ulifika kwenye fremu. Nilikaa hapo misa nzima, hapakuwa na mtu wa kuniondoa, na kifua changu kilikuwa kimetulia.

Baadaye akaniomba niseme neno. Mimi! Unajua ninavyoogopa watu. Nikasimama nikamwangalia Mama Neema, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ananidai jibu. Nikasema Kavira alikuwa na ugonjwa huu kabla sijamfahamu. Nikasema wiki chache kabla hajafa alipanda kwa miguu mpaka kwangu Munigi, akanikuta nafua, akaninyang'anya ndoo akafua yeye, na akanisema kwamba nafua vibaya. Siku ya kukimbia alitembea na mimi mpaka mjini. Hizo siku zote tulikula naye na kucheka naye, na bila ile pampu na ile chai ya moto tungekuwa tumemkosa mapema. Mimi nilizipata hizo siku, na nilizitaka zaidi. Kisha nikaanza kulia na nikakaa chini. Hotuba iliishia hapo.

Nikamtazama tena Mama Neema. Nilimwona tu ameinamia mfuko wake anatafuta, akatoa kitambaa, akatoa sanduku, akaanza kulichana kwa meno.

Alhamisi tulikuwa wengi, na Solange akaongeza benchi. Mimi ndiye ninayesimama mbele sasa. Sifanyi vizuri kama wewe, nasahau kuwaambia wasukutue mdomo baada ya pampu ya kahawia, Papa Sebu ananikumbusha kwa furaha kubwa. Wananisikiliza. Lakini somo likiisha kila mtu anakwenda na wake, na mimi napanda Munigi peke yangu. Napumzika palepale ulipopachagua: kwa muuza matofali, kwenye kona ya kanisa, kwenye lile jiwe la siku ya kukimbia. Kwenye lile jiwe naacha nafasi. Najua ni upuuzi, lakini naiacha.

Nimebakiza jambo moja, ndilo lililonifanya nikuandikie leo.

Kaka yako amerudi Butembo. Juzi akapiga simu. Alisalimu muda mrefu, akauliza mvua, akauliza maharagwe, mpaka nikajua kuna kitu hakitaki kutoka. Mwisho akasema, "Mama, ile muluzi yenu. Unaweza kunionyesha?" Kumbe anakohoa miaka mingi, na hakumwambia mtu. Hata wewe hakukuambia, mdogo wake. Nikamwambia kwanza aende kituoni wampime, wamsikilize kifua, asijifanye daktari. Akaahidi. Halafu nikamwambia akae, viwiko juu ya magoti, aweke simu mezani nimsikie. Avute kwa pua, apulize kama chai ni ya moto na haiko yake.

Akaanza kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kazi. Namsikia anavyokwaruza. Nikasema, "Polepole, Muzee. Unakimbia nani?"

Yalitoka tu, Kavira. Sikuyapanga. Kule upande wa pili akaacha kupuliza. Nikadhani nimemkosea. Halafu akasema, "Kavira njo alikuwa ananisemaka vile. Tangu tuko batoto." Tulikaa hivyo, mimi Munigi na yeye Butembo, tunasikilizana tukipumua, mpaka pumzi yake ikawa ndefu.

Kabla hajakata nikamweleza habari za bip. Akasema atajaribu, lakini yeye si mtu wa mambo ya simu.

Leo asubuhi nilikuwa bado nimelala, simu iko juu ya kifua kwa yale mazoea yangu. Ikalia mara moja, ikakatika. Nilibaki nimeiangalia mpaka kioo kikazima, kwa sababu jina lililotokea lilikuwa la ukoo wako, la kaka yako. Kisha nikamrudishia.

Lala sasa, rafiki yangu. Kiangazi kikirudi nitapeleka maua kwenye kaburi lako, nitakaa karibu kabisa, na nitaleta kikombe. Siku yangu ikifika nimeshawaambia wanangu: mawe yawepo, kuni zisiwepo. Na ninakuahidi hili, kwamba hakuna mtu wako atakayebip asubuhi akakosa wa kumjibu nikiwa bado navuta hewa. Nitajibu hata nikiwa nimekasirika. Hata nikiwa nakulilia.

Bip moja, Kavira. Nimeamka.

Domitila wako,
Mama Rutshuru